Kucha za vidole na usiku kucha: ni neno moja au ni majina tu yamegongana?

Swali limetoka kwa dada mmoja, nalifupisha kidogo: "Mwalimu shikamoo. Juzi namkata mwanangu kucha, yuko darasa la tano, akaniuliza mama mbona kucha za vidole zinaitwa kucha na usiku kucha nao ni kucha? Nikamjibu haraka haraka kwamba zinaitwa hivyo sababu zinaota usiku kucha sisi tukiwa tumelala. Baba yake akacheka mpaka machozi, akasema hilo ni neno la Kiarabu wala halihusiani na usiku, halafu akaniambia nikimaliza kwa mtoto nikate na makucha yangu. Nani kati yetu yuko sahihi? Na tuseme ukucha, kucha au makucha?"

Marahaba dada yangu. Nianze na hukumu kabisa ili mlale kwa amani: wote wawili mmekosa, ila aliyeuliza swali zuri hapo ni mtoto. Kucha za vidole hazina udugu wowote na kucha ya usiku kucha, ni maneno mawili tofauti yaliyokutana njiani yakavaa nguo moja. Kiarabu nacho hakimo, si kwa hili wala kwa lile. Na ukitaka nikuchanganye zaidi, kuna kucha ya tatu hujaitaja na hiyo nayo haina udugu na hizo mbili, ntaifikia.

Tuanze na hili la kuota usiku maana najua si wewe tu, nimeshalisikia kwa watu wengi na wengine wameliboresha, wanakwambia ule mwezi mweupe unaouona kwenye shina la ukucha ndo alfajiri yenyewe, unachomoza kama jua. Maneno matamu, lakini kucha inaota mchana na usiku bila kujali saa, za mikono zinaenda kama milimita 3 hivi kwa mwezi na za miguu ni taratibu zaidi ya hapo. Na wapo wanaosema ndo maana wazee walikataza kukata kucha usiku. Hapo jiulize kitu kimoja tu, Wajapani nao wana mwiko huohuo wa kutokata kucha usiku, Wahindi wengi vilevile, na Mjapani ukucha anauita tsume, haufanani kabisa na neno lake la alfajiri. Kwa hiyo mwiko umetokea kwingine, pengine giza na kitu chenye makali tu, haukutokana na neno letu.

Sasa njoo kwenye neno lenyewe. Chukua kucha ya usiku kwanza maana hii ndo rahisi kuipasua.

Unaposema "usiku kucha", hiyo kucha ni kitenzi, ni ku + cha. Mzizi wake ni -cha peke yake, maana yake kupambazuka, giza kuondoka. Ile ku ya mbele ni ile ile ya kula, kufa, kuja, kunywa. "Usiku kucha" kwa hiyo ni usiku mpaka kupambazuke. Utaniuliza, mbona basi tunasema kumekucha na ku bado ipo katikati? Hiyo ni tabia ya vitenzi vyetu vifupi, vile vya silabi moja. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na viambishi kama me, na, ta, li havipendi kubebeshwa mkazo, sasa ukisema "amela" mkazo unaangukia kwenye me, haikubali, ndo maana tunachomeka ku iwe kama gongo la kuegemea: amekula, anakuja, atakufa, kumekucha. Ile ku ya mwanzo kabisa kwenye kumekucha ni nyingine, ni ya mahali, ile ya kuna na kumejaa na kunanyesha.

Gongo likiwa halihitajiki linaondoka na hapo ndo unauona mzizi uchi. Kiambishi ki kinaubeba mkazo bila shida, ndo maana tunasema akila, akija, na tunasema kukicha. Ile "kila kukicha" unayoisikia kila siku, kila kukicha kuna simu mpya, kila kukicha kuna programu mpya, ni ku + ki + cha, kila panapopambazuka. Ku ya pili haipo hapo. Na kutokea kwenye -cha hiyohiyo tukapata macheo, jua linapochomoza, na ule msemo wa wazee kwamba usiku wa deni haukawii kucha.

Sasa jaribu mchezo huohuo kwenye kucha ya kidole. Toa ku. Unabaki na nini? "Ucha"? Hakuna kitu cha kukata hapo. Ku kwenye ukucha ni nyama ya neno lenyewe, ukiitoa umeua neno. Kinachotoka ni u tu: u + kucha. Huo mtihani mmoja tu unatosha kumaliza ubishi wa nyumbani kwako, lakini kwa vile swali limekuja kwangu na mi haya mambo ndo nayapenda acha niendelee.

U ya ukucha ni kiambishi cha ngeli, ngeli ya U-ZI kama inavyofundishwa shuleni. Zamani sana kilikuwa lu, sisi Waswahili tukaimeza l, majirani wengi wa Kibantu bado wanayo au wana ru. Ngeli hii kazi yake kubwa ni vitu vyembamba virefu, na ukiangalia mwilini utashangaa ilivyojaza: unywele, udevu, ukope, ulimi, ubavu, ukucha. Kwa wanyama ongeza ukwato. Na tazama wingi wake, maana siri imo kwenye wingi. Ulimi unakuwa ndimi, ubavu unakuwa mbavu, udevu unakuwa ndevu, wimbo unakuwa nyimbo. Unaona kuna n (au m mbele ya b) imejipenyeza kote? Hiyo ndo alama ya wingi ya ngeli hii. Sasa ukope unakuwa kope, ukuni unakuwa kuni, ukuta unakuwa kuta, ukucha unakuwa kucha. Hapa n imeenda wapi?

Haikupotea hivihivi. Kiswahili hakipendi n ikae mbele ya k, p, t, kwa hiyo ikaondoka, ila ilipoondoka iliacha pumzi. Watu wa pwani hasa Mombasa na Lamu bado wanaitamka: k ya kucha za vidole inatoka na mpumuo, kama kuna h ndogo nyuma yake, k'ucha. Wakati k ya kucha ya alfajiri ni kavu, haina pumzi, maana hiyo haikuwahi kuwa na n. Kwa hiyo mtu wa Mombasa akisema "nimekaa usiku kucha nakata k'ucha" (sijui kwa nini akae usiku kucha anakata kucha, ila tuseme) anazitamka tofauti na wenzie wanasikia tofauti. Ni kama paa wa porini na paa la nyumba, paa mnyama ana mpumuo, paa la nyumba halina. Au kaa wa baharini na kaa la moto. Mi nimekulia bara, hayo mambo sikuwa nayajua kabisa, siku moja mzee mmoja wa Mombasa akaniambia nitamke paa wa porini huku nimeweka karatasi mbele ya mdomo, karatasi ikabaki palepale imetulia, akacheka akasema mwalimu umewinda paa la nyumba. Karatasi ya kwake yeye ilipepea.

Kwa hiyo dada hawa ndugu bandia kwenye sikio la pwani hawajawahi hata kufanana sawasawa. Kilichowafanya wafanane kabisa ni maandishi. Kiswahili sanifu kilipojengwa, lahaja ya Unguja ikachaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928 na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, tahajia iliyoshika haikuweka alama yoyote ya mpumuo. K ni k. Sisi wa bara tuliojifunza kwa vitabu tukasoma k'ucha na kucha tukaona kitu kimoja, na mtoto wako akaona hivyohivyo. Mtoto hana kosa, kosa ni la tahajia, na hata siwezi kuilaumu sana maana mkazo, kiimbo, mpumuo, vyote ungevitia alama watu wangeacha kuandika.

Ndo maana pia ukifungua kamusi kutafuta "kucha" unaweza kuzunguka. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile iliyotoka mwaka 1981, inapanga vitenzi kwa mzizi bila ku, kwa hiyo kupambazuka utakutana nako kwenye herufi C, chini ya cha, na za vidole uzitafute kwenye U, ukucha. Wenye kamusi wanajua hawa si ndugu, wamewaweka vyumba mbalimbali.

Sasa ile kucha ya tatu niliyokuahidi. "Mcha Mungu si mtovu." Hiyo cha ni kuogopa, kuogopa kwa heshima, ndo inayotupa mcha Mungu, uchaji, kicho. Kwa hiyo kwenye vitenzi pekee tuna kucha mbili, kupambazuka na kuogopa, na hizi kweli zinatamkwa sawasawa hata pwani. Je, hizi ni ndugu? Watu wanapenda kuzifunga pamoja, eti alfajiri ndo saa ya ibada, saa ya kumcha Mungu. Tena nimewahi kumsikia mtu anafundisha hivyo kwa kujiamini kabisa. Si ndugu. Na namna ya kujua si ndugu ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote, naomba uvumilivu wako.

Nenda Uganda. Kwa Kiganda kupambazuka ni okukya na kuogopa ni okutya. Mmoja ana k, mwingine ana t, hawachanganyiki hata kidogo. Kiswahili nacho kilitokea kwenye hali kama hiyo, ila kikawa na haraka. Ki ikikutana na irabu sisi tunaigeuza ch, hiyo unaijua hata kama hujawahi kuifikiria: ki + akula ni chakula, ki + ombo ni chombo, ki + umba ni chumba. Basi kya ikawa cha. Na tya, jaribu kuitamka haraka haraka mara kumi uone ulimi unakupeleka wapi, nayo ikawa cha. Mito miwili imeingia ziwa moja, ukichota maji huwezi kusema haya ya mto gani.

Isipokuwa unaweza, kwa kuangalia watoto wao. Kumfanya mtu aogope tunasemaje? Hatusemi "kuchesha", tunasema kutisha. T ya zamani imebaki! Kiganda ni okutiisa, kitu kilekile. Na kuufanya usiku uche ukiwa macho, yaani kukaa hadi asubuhi? Kukesha. K ya zamani imebaki! Kiganda ni okukeesa. Kwa hiyo cha ya kuogopa mwanae ni tisha, cha ya kupambazuka mwanae ni kesha, na kutoka kwenye kesha ukoo umeendelea mpaka mkesha, na kesho nayo imo kwenye ukoo huohuo, kesho ni pale kutakapokuwa kumekucha. Wazazi wamefanana sura kwa uzee ila watoto kila mmoja amechukua pua ya babu yake.

Na ukoo wa cha ya kupambazuka umetapakaa. Malawi na sehemu kubwa ya Zambia neno ni hilihili, kucha. "Kwacha" maana yake kumekucha. Hiyo ndo pesa yao, Zambia walianza kuitumia mwaka 1968 na Malawi mwaka 1971, na haikuchaguliwa kwa bahati mbaya, wakati wa kudai uhuru Zambia kaulimbiu ilikuwa Kwacha, yaani giza la ukoloni linaondoka, halafu wanaitikia Ngwee, kweupe. Zambia kwacha moja ina ngwee 100. Malawi kwacha moja ina tambala 100, na tambala ni jogoo. Kumekucha, jogoo amewika, yote mfukoni. Mi naona hizo ndo noti zenye majina mazuri kuliko zote ninazozijua, sisi shilingi tumeikuta tu.

Kucha ina mpinzani wake pia, maana kinachocha lazima kichwe. Jua likizama limekuchwa, ndo tukapata machweo. Mombasa na kaskazini kwenye ch nyingi za Unguja wao wana t, mchele ni mtele, mchana ni mtana, kucheka ni kuteka, basi kuchwa kwao ni kutwa, na umbo hilo likaingia kwetu sote: kutwa nzima, shule ya kutwa (kihalisi ni shule ya mpaka jua lizame), na ile bahasha ya dawa inayoandikwa kutwa mara tatu. Sasa angalia huyo mtu wa Mombasa anasema "kutwa kucha", hasemi "kutwa kuta". Kwa nini ch ya kuchwa aigeuze t na ch ya kucha aiache? Kwa sababu ch ya kucha ilitokana na ki, kama ya chakula, na chakula hata Mombasa hawaiti "takula". Lugha inaweka kumbukumbu ya asili ya kila sauti hata pale wasemaji wenyewe wameshasahau.

Tumrudie baba yake na Kiarabu chake. Kwa Kiarabu ukucha ni dhufr, wingi adhafir. Ukitafuta namna ya kutoka hapo mpaka kucha utatembea sana. Tatizo watu wamezoea kila neno la Kiswahili wasilolijua asili wanalipeleka Uarabuni, wakati majina ya viungo vya mwili ni sehemu ambayo Kiarabu kimeingia kidogo sana. Kichwa, jicho, sikio, pua, jino, ulimi, mkono, kidole, mguu, moyo, ini, yote ya Kibantu. Damu ndo ya Kiarabu. Na hina, ile wanayopaka kwenye kucha, ni ya Kiarabu, kwa hiyo mumeo tumpe nusu maksi, rangi imetoka Uarabuni, ukucha ni wetu. Ila nimtetee pia kwenye kitu kimoja, asije akaambiwa eti kwa vile neno lina u na linakwenda U-ZI basi hiyo peke yake ni ushahidi wa Ubantu. Hapana. Wakati ni la Kiarabu na tunasema nyakati, waraka ni la Kiarabu na tunasema nyaraka. Ngeli zetu zinapokea wageni vizuri tu, zinawapa na viti.

Kinachoonyesha ukucha uko nyumbani kwenye ngeli hiyo ni majirani. Kiganda ukucha ni olwala, mwanzo wake ni ile olu. Kinyarwanda ni urwara, uru. Kizulu huko chini kabisa ni uzipho, wingi izinzipho, ngeli ileile. Mzizi kila mmoja ana wake au wanashirikiana wawili watatu, sisi tuna -kucha, Mzulu ana -zipho, lakini kiti ni kimoja. Kutoka Kampala mpaka Durban Mbantu akiutazama ukucha anauweka fungu moja na ulimi.

Na hapa kuna kituko nilikuwa nakihifadhi. Wingi wa olwala kwa Kiganda ni enjala. Wingi wa urwara kwa Kinyarwanda ni inzara. Sasa enjala kwa Kiganda pia ni njaa. Na inzara kwa Kinyarwanda pia ni njaa. Ukiandika, kucha na njaa ni herufi zilezile. Njaa yetu sisi ni neno hilohilo lililomeza l yake, njala ikawa njaa. Maana yake tungekuwa tumeng'ang'ania neno hilo la majirani kwa kucha, leo mtoto wako asingekuuliza habari ya usiku, angekuuliza mama mbona njaa za vidole zinaitwa njaa, na wewe sijui ungemjibu zinaota ukiwa hujala? Kugongana kwa maneno kupo kila lugha, ukikimbia hapa unagongana kule.

Bado swali la mwisho: ukucha, kucha au makucha. Vitabuni jibu ni jepesi. Mmoja ukucha, ukucha wangu umevunjika. Wengi kucha, kucha zangu zimevunjika. Lakini masikio ninayo, nasikia watu wanavyoongea, wengi sa hivi wanasema "kucha yangu moja imekatika", u imeachwa na neno limehamia ngeli ya I-ZI. Si kucha peke yake, ufunguo umeshakuwa "funguo yangu iko wapi", unywele umekuwa "nywele moja imeingia kwenye chai". Sababu inaeleweka, vitu hivi tunavitaja kwa wingi mara mia kabla hatujavitaja kwa umoja, nani anaongelea ukuni mmoja? Wingi unazoeleka, umoja unachakaa. Mtoto kwenye mtihani aandike ukucha, ukucha huu, ukucha wa kidole gumba, asije akapoteza maksi bure. Nyumbani mi simsahihishi mtu, nishachoka.

Makucha ni habari nyingine. Kiswahili ukitaka kukuza kitu, kukifanya kikubwa, cha kutisha, unakitoa kwenye ngeli yake unakipeleka LI-YA. Nyoka anakuwa joka, majoka. Mbuzi anakuwa buzi. Ukucha nao ukikua unakuwa kucha la, wingi makucha: kucha la chui limemkwaruza, tai ameshika panya kwa makucha. Kwa hiyo kuna kucha ya nne ukitaka kuhesabu, hii ya umoja wa makucha, ila hii angalau ni ndugu wa damu wa kucha za vidole. Ndo hiyo makucha tunayoionyesha tukikasirika, ndo hiyo wanahabari wa michezo wanayoipenda, timu fulani yaonyesha makucha, hawawezi kuandika yaonyesha kucha maana hapo ingekuwa timu imetoka saluni. Na wapo wanaoita makucha hata zile ndefu za kubandika, hapo wanajua wanachofanya, wanakuza makusudi.

Kwa mtoto mwambie hivi: kucha za vidole ni u + kucha, kucha ya usiku ni ku + cha, halafu mpe "kila kukicha" aipasue mwenyewe, darasa la tano anaweza. Kwa baba yake, ukishamwambia habari ya dhufr, mkumbushe kwamba binadamu ana kucha na chui ana makucha, na kwamba yeye siku ile hakukosea sarufi hata kidogo kama alikusudia alichokisema. Sasa alikusudia au hakukusudia, hilo mmalizane wenyewe.